Chupa Yenye Ukili Shingoni

Jumatatu tarehe 20 Juni 1983, saa tisa na robo alasiri, wingu zito lilikuwa limetanda kutoka upande wa Takaungu hadi msitu wa Arabuko, na rasharasha ilikuwa ikianguka juu ya mabati ya ghala la shamba la mikorosho, huko Tezo, bila kuongezeka wala kukatika. Badawi Mahadhi, mtunza ghala, aliikumbuka saa hiyo kwa sababu alikuwa ametoka kuiandika kitabuni, kama alivyoandika kila saa aliyoufungua mlango ule kwa muda wa miaka saba. Wino ulikuwa haujakauka alipoingia Dena, mnyunyizaji, akiwa na chupa tupu mkononi.

Badawi alikuwa mtu wa visiwani kwa asili, aliyesomeshwa bara katika shule ya bweni. Huko alifundishwa kutandika kitanda kabla ya jua kuchomoza na kukiri kosa kabla ya kuulizwa. Mambo hayo mawili alitoka nayo, na hakuona ajabu kuyafuata mpaka nywele zikaanza kumwingia mvi. Watu wa shamba walimwita Bwana Kanuni. Waliposema hivyo mbele yake walicheka, na yeye hakukasirika, kwani aliona si tusi.

Kila mwaka, mvua ya masika ilipokaribia, aliwapanga wanyunyizaji mbele ya ghala na kuwasomea maneno yaleyale.

"Nyinyi mwaiita dawa," huanza hivyo. "Dawa huponya. Hii ni sumu ya magugu. Ikigusa jani bichi na jua likaiwakia, kabla ya magharibi jani limebabuka kama lililopitiwa na moto. Ikigusa gome kavu la mkorosho, haipenyi. Ikigusa udongo, udongo huinasa ikawa haina nguvu tena, ndiyo maana kesho yake mtu aweza kupanda palepale. Vaa glavu. Funga kitambaa puani. Mpe upepo mgongo. Ikikurukia, osha kwa maji mengi na sabuni, usingoje kumaliza mstari. Wala haitoki humu ila ndani ya mtungi wake wenyewe wenye kibandiko, au imekwisha changanywa ndani ya pampu."

"Na ikiingia mdomoni, Bwana Kanuni?" huuliza mmoja, kila mwaka, maana jibu walilijua na walipenda kumsikia akilisema.

"Ikiingia mdomoni haina kinga."

"Basi wewe unalala mlango wa pili na kitu kisicho na kinga, mkeo anakukubalia?"

Hapo hucheka wote, na Dena hucheka kuliko wote.

Siku hiyo Dena hakucheka. Aliiweka chupa juu ya meza, akajipangusa mvua usoni.

"Mahindi yangu yamemezwa na ndago, Bwana Badawi. Nimelima mara mbili kwa jembe, inarudi kama sikuigusa. Nataka vikombe viwili vya hii yako."

"Lete pampu nikuchanganyie."

"Pampu ya kuazima naipata keshokutwa."

"Basi njoo keshokutwa."

"Keshokutwa Kamande atakuwa amerudi kutoka Mombasa. Utanichanganyia sumu ya shamba mbele ya meneja?"

Badawi alikitazama kitabu.

"Badawi," alisema Dena, safari hii bila bwana. "Siku ile ya dizeli mimi sikukuambia njoo keshokutwa."

Miaka saba ilikuwa imepita na Dena hakuwahi kulitaja jambo lile, hata siku moja, hata kwa mzaha. Mwaka 1976 Badawi alikuwa na miezi miwili kazini, yuko katika majaribio, na Mwanatumu mkewe ana mimba ya kwanza. Jioni moja alisahau kukaza bomba la pipa la dizeli. Asubuhi pipa lilikuwa kavu na ardhi imelowa mpaka kisimani. Meneja wa wakati huo aliwasimamisha wote uani akauliza ni nani. Badawi alikuwa amekwisha fungua mdomo aseme. Dena, aliyekuwa nyapara na mwenye nyumba ya mawe ya shamba, alitangulia. "Ni mimi," akasema. Alivuliwa unyapara na nyumba pia, akapewa pampu ya mgongoni. Naye Badawi, aliyefundishwa kukiri kabla ya kuulizwa, aliufumba mdomo wake polepole. Tangu siku hiyo alishika kila kanuni isipokuwa ile moja aliyokwisha ivunja.

Alivaa glavu. Aliinamisha mtungi akamimina vikombe viwili, na kilichotoka kilikuwa cha rangi ya hudhurungi iliyokoza, kisicho na harufu ya kumshtua mtu. Ilikuwa akiba ya zamani, ya kabla watengenezaji hawajaanza kuitia rangi ya kuonya na uvundo wa kutapisha. Alikata kipande cha karatasi, akaandika SUMU kwa herufi kubwa, akakibandika kwa gundi juu ya chupa.

Chupa yenyewe aliitambua. Ilikuwa chupa ndefu ya sharubati iliyofungwa shingoni ukili, utepe wa majani ya mkindu, na ukili huo ulisukwa na Mwanatumu. Kila Ramadhani Mwanatumu alipika ukwaju mzito akaupeleka kwa majirani, Waislamu na wasio Waislamu, na kwa Priscilla, mke wa Dena, hakukosa kamwe. Chupa ile ilikuwa imekaa kwa Dena tangu mwaka uliopita. Haikurudishwa kwa sababu Priscilla hakuwa amepata kitu cha kutia ndani yake, na chombo cha jirani hakirudi kitupu. Alikuwa akingoja asali.

Dena aliitia chupa ndani ya shati, akatoka mvuani. Badawi aliandika saa ya kufunga. Katika safu ya vilivyotolewa hakuandika kitu.

Jumatano, saa kumi na moja kasorobo, Badawi alikuwa akitia udhu kwa ajili ya alasiri aliyoichelewesha, ndipo akasikia anaitwa kwa sauti kutoka upande wa nyumba za wanyunyizaji. Alikwenda akikimbia, miguu imelowa.

Mbele ya nyumba ya Dena alikuwepo Baya, mdogo wake Dena, mfanyakazi wa chumvi huko Gongoni. Alikuwa amekaa juu ya kinu, anatema mate. Priscilla alisimama kando yake na chupa mkononi. Alikuwa amekwenda kwao Gongoni kwa wiki nzima kumwuguza mama yake, na siku hiyo amerudi pamoja na shemeji yake juu ya lori la chumvi, wote wawili koo zimewakauka.

"Niliiona juu ya ukingo wa ukuta," alieleza Priscilla. "Nikamwambia, tazama Baya, Mwanatumu hakutusahau. Nikajua aliichukua nikiwa sipo akaileta imejaa. Ramadhani si hii? Nikaingia kumtafutia maji ya kuchanganyia, nikasikia anakohoa."

"Sikungoja maji," alisema Baya. "Ukwaju wenu wa mwaka huu umeoza, Bwana Badawi. Mwambie mkeo apunguze chochote alichotia."

"Umemeza?"

"Nusu nimetema."

"Nimekuuliza, umemeza?"

"Funda moja. Funda dogo. Mbona waniangalia kama mzoga?"

Kibandiko hakikuwepo juu ya chupa. Kilipatikana baadaye ndani ya shati la Dena, kimekauka kifuani upande wa kushoto, herufi zake zimevuja.

Badawi alishika kipande cha chuma kilichokuwa mlangoni, akaanza kuubandua udongo wa ukuta wa nyumba ile, madongo kwa madongo, akayaponda ndani ya sufuria, akatia maji na kuyakoroga mpaka yakawa uji. Alijua kwamba udongo huinasa sumu ile shambani. Alikuwa amesoma pia kwamba huinasa tumboni, ukiwahi.

"Kunywa."

"Udongo?"

"Kunywa wote."

Baya aliitazama sufuria, akamtazama Priscilla. "Shemeji, mumeanza kunilisha udongo kabla sijazikwa?" Alicheka, kisha akanywa, kwa sababu uso wa Badawi haukuwa uso wa mtu wa kubishana naye. Alitapika, naye Badawi akamkorogea mwingine. Tundu la ukuta lilipofika ukubwa wa sinia, Dena alitokea njiani amebeba pampu ya kuazima mgongoni, na alipoiona chupa mkononi mwa mkewe alisimama palepale, pampu ikiwa bado mgongoni, kama mtu aliyesahau njia.

Walimpeleka hospitalini kwa trekta la shamba. Badawi alikibandua kibandiko cha mtungi akaenda nacho, akampa daktari. Daktari alikisoma chote, akauliza ni funda ngapi na ni saa ngapi. Akauliza pia ni nani aliyempa udongo.

"Mimi."

"Umefanya vyema," alisema daktari. Alimtoa nje hadi barazani, akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini wewe umesoma maandishi haya."

"Nimeyasoma."

"Basi sina la kukuficha. Kinywa kitachubuka, kisha kitaanza kupona, na watu watafurahi. Kazi yake ni kwenye mapafu, nayo haina haraka."

Ikawa kama alivyosema. Kwa siku tatu Baya hakuweza kumeza hata mate yake. Siku ya tano vidonda vilianza kukauka, akanywa uji, akaanza kuwachokoza wauguzi. Badawi alikwenda kila alasiri baada ya kazi, akiwa amefunga, akakaa kwenye ubao wa kando ya kitanda na kofia yake juu ya goti.

"Bwana Kanuni," alisema Baya siku ya sita, "wewe hunywi kwa kupenda, mimi nilikuwa sinywi kwa kushindwa. Nani ana thawabu zaidi?"

"Wewe."

"Aa! Hata kubisha hubishi? Dena, huyu leo mgonjwa."

Dena alicheka. Alimfuata Badawi mpaka langoni, akamshika bega. "Amepona. Umemwona? Jumatatu ijayo tunamtoa."

Badawi alilitazama lile bega lililoshikwa. Alijaribu kusikia uzito wa mkono ule na hakuusikia. "Inshallah," akasema, akaenda zake kwa miguu mpaka Tezo.

Nyumbani Mwanatumu alikuwa ameandaa futari bila ukwaju. Aliweka tende na maji, akabaki amesimama.

"Nataka kuuliza jambo moja," alisema. "Chupa yangu iliingiaje ghalani mwako?"

Badawi akamweleza yote, tangu mvua hadi karatasi. Alieleza kwa utaratibu, kama anayesoma orodha ya vifaa.

"Umewaambia?"

"Bado."

"Wanasema mimi ndiye niliyepeleka chupa. Wanawake kisimani nikiwasogelea wananyamaza. Wewe bado."

"Bado."

"Basi futuru. Wakati wa kuwaambia ni wako. Lakini usinitake nikae nawe."

Akafuturu peke yake. Tende ilikuwa kama kipande cha ngozi kinywani.

Siku ya tisa Baya alilalamika kwamba ngazi za hospitali zimerefuka. Siku ya kumi hakuweza kumaliza sentensi. Hakuwa na maumivu, alisema, ila hewa imekuwa nyembamba. Jumapili tarehe 3 Julai, saa nne asubuhi, alifariki akiwa ameketi, mikono imeshika magoti, kama mtu anayejitayarisha kuinuka. Walimzika Jumatatu. Badawi alishika jembe kwa zamu yake, na udongo ule ule wa Tezo, mwekundu na mzito, ulimganda viganjani, akaona haya kuunawa mbele ya watu.

Priscilla alimfuata pale alipokuwa amesimama peke yake. Nywele zake zilikuwa zimenyolewa kwa ajili ya matanga.

"Bwana Badawi, ile ilikuwa chupa ya kwenu. Ukili ulikuwa wenu. Mimi ningejuaje?"

"Usingejua."

"Mume wangu haniambii. Nikimuuliza sumu aliitoa wapi, anasema aliichukua. Kwa nani? Aliichukua. Mpaka lini?"

"Mpaka kesho," alisema Badawi.

Kesho yake, Jumanne, Kamande aliwaita Badawi na Dena ofisini saa tatu. Alikuwa mtu wa bara, mfupi, msafi, mwenye kazi nyingi, na hakuwa mtu mbaya. Kitabu cha ghala kilikuwa mbele yake, kimefunguliwa penye tarehe ishirini.

"Mimi sitaki maneno mingi," alisema. "Polisi wanakuja saa sita. Hapa naona ulifungua saa tisa na robo, ukafunga saa tisa na nusu. Hakuna kitu ilitoka. Sasa hiyo sumu ilitoka wapi?"

"Niliiba," alisema Dena.

Badawi alimgeukia. Dena alikuwa anatazama ukuta.

"Kufuli nilivunja usiku," Dena aliendelea. "Bwana Badawi hajui kitu. Kosa ni langu, marehemu ni wangu. Nifungeni."

Kamande alipumua kama mtu aliyetua mzigo. Alivuta karatasi iliyokwisha pigwa chapa. "Basi ni vile nilikuwa nafikiria. Badawi, weka sahihi hapa, kwamba kufuli ilikuwa imevunjwa. Wewe kazi yako iko, rekodi yako ni safi, watoto wako wako shule. Mimi nakusaidia, unaona? Huyu atafungwa, pengine miaka miwili. Yeye mwenyewe amekubali."

Badawi aliisoma karatasi tangu juu hadi chini, kisha akairudia. Ilikuwa imeandikwa vizuri. Kalamu ilikuwa tayari mezani. Alihisi kwamba alikwisha simama mahali hapa, uani, miaka saba iliyopita, mdomo uko wazi, na kwamba tangu siku ile hakuwa amesogea hata hatua moja.

"Kufuli halijavunjwa," alisema. "Lipo mlangoni. Mtu yeyote akaliangalie."

"Badawi," alisema Dena kwa sauti ya chini. "Wacha. Mimi nimeshazoea."

"Ndilo nisilolitaka."

"Una watoto."

"Nawe huna?"

"Mimi ndugu yangu amekufa, Badawi. Jela ni nini tena?"

"Ni uongo," alisema Badawi. "Jela hiyo ni uongo."

Akakivuta kitabu. Penye tarehe ishirini, katika safu iliyokuwa tupu, aliandika kwa mwandiko wake ulionyooka: *Sumu ya magugu, vikombe viwili. Nimemimina mimi, kwa mkono wangu, katika chupa ya sharubati ya nyumbani kwangu, kinyume cha kanuni niliyoifundisha mwenyewe. Kibandiko cha karatasi hakikutosha, na nilikuwa na maarifa ya kujua hivyo. Dena hakuiba. Aliomba, nami nikampa.* Akatia sahihi, tarehe na saa. Kisha akafungua ukurasa mpya, na juu yake akaandika: *Mwaka 1976, bomba la dizeli niliacha wazi mimi, si Dena.* Hilo nalo akalitia sahihi.

Kamande alisoma. Alisoma tena ule mstari wa mwisho. "Hii ya dizeli nani alikuuliza?"

"Hakuna aliyeuliza."

"Unajua nitakufuta leo? Na polisi wataenda na wewe?"

"Najua."

Akalitoa shada la funguo kiunoni, funguo tisa, akaziweka juu ya kitabu. Alikuwa ametarajia kwamba atasikia kitu, wepesi, au hofu. Alisikia tu saa ya ukutani.

Nje rasharasha ilikuwa imerudi. Badawi aliketi kwenye ngazi ya ofisi kuwangoja polisi, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti. Alipotambua kwamba ameketi kama alivyoketi Baya, aliishusha mikono. Dena alitoka akasimama chini ya ukingo wa paa, hatua mbili kutoka kwake. Mvua ilikuwa ikidondoka kati yao.

"Kamande amesema atanirudishia unyapara," alisema Dena hatimaye. "Kwa sababu ya ule mstari wako wa pili."

"Ilikuwa haki yako tangu zamani."

"Priscilla nimwambie nini?"

"Mwambie nilivyoandika. Mwambie kwamba hakuna awezaye kujua kilichomo ndani ya chombo ila aliyekijaza."

Dena alitikisa kichwa polepole. Kutoka barabara kuu ilisikika gari ikipunguza mwendo kwenye kona ya shamba.

"Dena," alisema Badawi, akainuka, akajikung'uta kanzu. "Lile la dizeli ulilokuwa ukinidai. Nimelipa?"

Dena alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu maziko.

"La dizeli umelipa," alisema. "La Baya usiniulize."